Chumba Kilichopimwa na Mkoko

Fundi alikuwa ameshafungua nusu ya dari. Vumbi la chokaa limetanda chumba kizima, na chini zimelazwa boriti za zamani, nyeusi kwa umri, ncha zake zimeoza pale zilipokuwa zimezikwa ndani ya ukuta. Katikati zilikuwa nzima kabisa. Niligonga moja kwa kifundo cha kidole, ikalia kama chuma.

Tulikuwa Lamu, mtaa wa Mkomani, ndani ya nyumba ya mawe inayotengenezwa upya. Pamoja nasi alikuwepo mzee mmoja aliyezaliwa Unguja akazeekea Muscat, mgeni wa wenye nyumba. Alikipima chumba kwa miguu, ukuta hadi ukuta, kisha akarudia tena polepole.

“Mwanangu, chumba hiki nakijua,” akaniambia. “Nyumba ya babu yetu kule Matrah ilikuwa na upana huuhuu. Ukilaza kitanda upande huu, hupiti.”

Fundi hakuinua hata kichwa. “Ni mti huo, mzee. Chumba hukatwa mkokoni. Sisi huku twafuata tu.”

Wakaingia kwenye mazungumzo mengine, bei ya chokaa, habari za Unguja. Mimi nikabaki palepale.

Chumba hukatwa mkokoni.

Wiki nyingi zimepita na maneno yale hayajaniacha. Nimekulia pwani, nimelala katika vyumba vyembamba vya mawe tangu utotoni, na sikuwahi kumsikia mtu akiueleza wembamba ule kwa maneno machache kiasi kile. Nikaanza kuuliza, kusoma, kupima. Kila nilipopima nilijikuta naangalia juu.

Upana wa mti

Anayekwenda kununua mikoko haombi “miti” tu. Anataja fito, pau, mazio, boriti au nguzo, kila daraja kwa unene wake, na mzigo unahesabiwa kwa korija, ishirini ishirini. Fito hufuma ukuta wa udongo. Pau hubeba makuti. Boriti ndiyo iliyozaa nyumba ya mawe.

Katika nyumba za kale za Lamu upana wa chumba unacheza kwenye mita mbili na nusu, na ni nadra kufika tatu. Urefu, hapana shida, nenda utakako, kwa sababu boriti hupangwa kukata chumba kwa upana wake. Ukitaka chumba kirefu zaidi unaongeza boriti. Ukikitaka kipana zaidi, huna cha kuongeza.

Na mzigo wenyewe si wa mchezo. Juu ya boriti hupangwa vibamba vya matumbawe, juu ya vibamba mawe madogo na chokaa, halafu inapigwa sakafu: kundi la watu na vipande vya mbao, wanapiga kwa nyimbo siku baada ya siku mpaka ile chokaa ishikane iwe kitu kimoja. Unene wake ni shubiri moja na zaidi. Hiyo ni kilo mia kadhaa kwa kila mita ya mraba, kabla mtu hajatandika mkeka.

Hesabu ya mti uliolazwa haina huruma. Ukiuongeza upana mara mbili, mzigo wa kila mita ukiwa uleule, nguvu inayotaka kuuvunja mti katikati inakuwa mara nne. Kubonyea kwake kunakuwa mara kumi na sita. Fundi wa karne ya 15 hakuiandika hesabu hiyo popote, lakini mkono wake ulikuwa unaijua, kwa kurithi na kwa kuona dari zilizowahi kuwaangukia wengine.

Kwa hiyo kabla mwenye nyumba hajachagua kiwanja, kabla hajamwita fundi wa nakshi, jambo kubwa kuliko yote lilikuwa limeshaamuliwa na mti uliosimama ndani ya maji ya chumvi.

Jahazi la boriti

Haya, Lamu nimeelewa. Lakini Matrah, kule Oman?

Ghuba haina boriti zake. Mikoko inayoota kule ni mchu, mfupi na wa kupindapinda, mzuri kwa kuni na malisho ya ngamia. Huwezi kulazia dari.

Katika karne ya 10 mwanajiografia al-Istakhri aliuandika mji wa Siraf, bandari tajiri ya pwani ya Uajemi. Anasema nyumba zake ni za ghorofa, zimejengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanj.

Nchi ya Zanj ni huku kwetu.

Yaani zaidi ya miaka elfu iliyopita, mfanyabiashara wa Siraf aliyekuwa anahesabu hariri za China jioni alikuwa ameketi chini ya miti ya Afrika Mashariki. Huenda hakuwahi kuiona pwani hii maishani mwake.

Siraf ulipigwa na tetemeko la ardhi mwaka 977, na baadaye ukafifia. Biashara ya miti haikufifia. Kaskazi ikileta majahazi na tende, chumvi na samaki wakavu, na kusi ikiyarudisha yamesheheni boriti za Lamu na Rufiji. Hadi mwaka 1939 jahazi kubwa la Kuwait lilikuwa bado linapakia kwenye delta ya Rufiji, mabaharia wake wakipambana na tope, mbu na homa, ili mtu fulani kule kaskazini aezeke nyumba. Wakati huo huo Ulaya na Marekani zilikuwa zimeshazoea majengo ya chuma na zege. Kuwait ilikuwa ingali inamsubiri mkoko.

Na nyumba zinaonyesha. Muscat, Manama, Muharraq, Dubai, Kuwait ya kale: kuta zao ni tofauti, mahali mawe ya bahari, mahali udongo, Dubai ina minara ya kunasa upepo, Lamu haina. Lakini vyumba vya kabla ya mafuta ni virefu na vyembamba, mita tatu hivi au pungufu, na ukiinua macho unakutana na miti ileile, ambayo wao huiita chandal. Yule mzee hakuwa anachanganya kumbukumbu. Chumba cha babu yake na chumba cha Mkomani vilitoka kwenye tope moja.

Hapa ndipo moyo wangu uliponipanda. Mara ngapi tumesikia kwamba nyumba ya mawe ya Mswahili ni kitu cha kuletwa? Kwamba mafundi wa Shiraz walikuja nayo, au Waarabu, na sisi tukapokea? Wanaakiolojia wamekuwa wakiivunja hoja hiyo kwa miaka mingi, gofu baada ya gofu, na bado inarudi kwenye midomo ya waongoza watalii na kwenye vitabu vya shule. Na huku miti yetu ikapanda majahazi kwenda upande wa pili, ikawapimia watu wa Ghuba vyumba walivyozaliwa na kufia ndani yake.

Mti hauamui kila kitu

Nilipofika hapo nilitaka kuandika makala hii siku ileile. Nashukuru sikuiandika, kwa sababu shaka ilikuwa inanitekenya.

Mkoko uliotulia hukua mrefu kuliko mita tatu, mrefu sana. Mkataji angeweza kuleta miti mirefu zaidi, na mwenye nyumba angeweza kupunguza uzito wa dari, au kusimamisha nguzo katikati kama ilivyofanywa misikitini. Isitoshe, matajiri wa Pate na Lamu wa karne ya 18 walikuwa na uwezo wa kupamba kuta kwa vyombo vya kauri kutoka China. Kama chumba kipana kingekuwa na maana kwao, wasingekosa mtu wa kuwaletea msaji kutoka India.

Vyumba vyao vilibaki vyembamba.

Ukiitembea nyumba ya kale ya Lamu unaanza kuona sababu. Unaingia daka, kibaraza cha mlangoni, unapita tekani, kijiukumbi cha kuingilia, unatokea kiwanda, ua wa ndani ulio wazi juu. Mbele ya kiwanda kuna msana wa tini, chumba kirefu cha kwanza, nyuma yake msana wa yuu, nyuma yake ndani, chumba cha faragha. Misana hii imelala sambamba, kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja kimenyanyuka kidogo kuliko cha mbele. Mwanga unatoka kiwandani peke yake, hivyo kila hatua unayopiga kwenda ndani unapungua. Mgeni anaishia nje. Jamaa anafika msana wa kwanza. Mpaka ukutane na ukuta wa zidaka, ule wa chokaa nyeupe iliyochongwa vishubaka kwa vishubaka, umepita tabaka zote za heshima na ukaribu ambazo familia inaweza kumpa mtu.

Jaribu kufanya hivyo katika chumba kimoja kipana. Haiwezekani.

Mti uliweka mpaka, na watu wakaugeuza mpaka ule kuwa adabu. Siwezi tena kusema kipi kilitangulia. Ninachoamini ni kwamba baada ya vizazi kadhaa swali lenyewe lilikufa: mtoto aliyezaliwa ndani ya msana hakuhisi kuwa amenyimwa chochote, na fundi aliyepewa kiwanja alikuwa anakigawa kwa upana wa boriti bila kuambiwa. Hata kichochoro kikaingia kwenye mpango huo. Familia ikipata binti wa kuozwa na haina kiwanja, boriti zilivushwa juu ya njia kutoka ukuta hadi ukuta, ikapatikana wikio, chumba kinachoning'inia juu ya vichwa vya wapita njia.

Kuba la Kilwa

Kilichonimaliza kabisa ni Kilwa Kisiwani, maana kule mafundi walishajaribu njia nyingine.

Mwanzoni mwa karne ya 14, dhahabu ya Sofala ikipita mikononi mwake, Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliupanua Msikiti Mkuu. Sehemu ya kale ya kaskazini ilikuwa na dari bapa. Yeye akaenda kusini kwa makuba na matao. Kuba kubwa la msikiti ule halikupata mpinzani pwani nzima hadi karne ya 19. Juu ya jabali, mbali kidogo na mji, akajenga Husuni Kubwa, kasri yenye kidimbwi cha pembe nane na vyumba vilivyofunikwa kwa jiwe na chokaa.

Basi walijua. Walikuwa na chokaa, walikuwa na matumbawe, walikuwa na fundi wa kuba. Kwa nini hawakuyapeleka makuba kwenye nyumba za kawaida, wakaachana na mkoko na mita zake mbili na nusu?

Nimezunguka na swali hili sana, na jibu ninaloliona linaanzia kwenye kuanguka. Paa la al-Hasan liliporomoka, na msikiti ukajengwa upya katika karne ya 15. Kuba linasukuma kuta nje kwa nguvu usiku na mchana, wala halichoki. Linataka kuta nene na mkono usiokosea. Linataka pia kiunzi cha mbao cha kulishikilia likiwa bichi, kwa hiyo miti hujaikwepa. Na ukishalimaliza, huwezi kulijengea ghorofa. Dari bapa unaipandishia chumba cha mwanao wa kike, unaanikia, unalala juu yake kukiwa na joto. Kwa familia ya Kiswahili, ambayo nyumba yake hukua kadiri watoto wanavyooa na kuolewa, kuba ni mlango uliofungwa.

Kule ambako miti haipatikani watu walilazimika kutafuta hila nyingine, na walioipata hila nzuri kuliko zote ni majirani zetu wa Nile. Mnubi anajenga tao la matofali mabichi bila kiunzi hata kimoja: kila safu ya matofali inaegeshwa kwa kuinama kwenye ukuta wa nyuma, safu inayofuata inaegemea ile iliyotangulia, na udongo wenye majani makavu unaishika mpaka ikauke. Maghala ya nafaka ya Ramesseum, hekalu la kale kule Luxor, yalifunikwa kwa matofali ya udongo zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, na mapaa mengine bado yapo juu. Mwaka 1941, vita vikiwa vimekausha mbao na chuma sokoni, msanifu wa Misri Hassan Fathy alijaribu kujenga matao kama hayo kwa kichwa chake na yakaanguka. Akaenda Aswan kuwatafuta wenyewe. Waashi wale wakamjengea chumba mbele ya macho yake kwa ujuzi ambao chuo hakikumfundisha.

Alipojenga kijiji kizima cha New Gourna kuanzia mwaka 1945, waliokusudiwa kuhamia wengi wao walikataa. Walikuwa na sababu nyingi, riziki kwanza. Mojawapo iliyotajwa ni kwamba kwao kuba ni jengo la kaburi. Paa lililomfaa Mnubi halikumkaa rohoni mwenzake wa mto uleule.

Hilo lilinituliza kidogo kuhusu Kilwa.

Matundu ukutani

Songo Mnara, magofu ya mji wa kale karibu na Kilwa, ni mahali pazuri pa kujifunzia kuangalia juu. Kuta za baadhi ya nyumba zimesimama, na karibu na ncha yake, kwenye ule upande mrefu, unaona matundu. Yamepangwa mstari mmoja, mkabala na mwenzake wa ukuta wa pili. Kila tundu ni mahali ilipokaa boriti. Mti umeliwa na mchwa na mvua karne kadhaa zilizopita, lakini ukihesabu matundu na kupima nafasi kati yake, dari yote inarudi kichwani mwako: unene wake, mwelekeo wake, mahali chumba kilipoishia.

Hapo nikawaza jinsi tunavyoijua historia ya majengo ya dunia. Karibu kila gofu tunalolipiga picha tunaliona bila paa.

Parthenon ya Athens, iliyojengwa kati ya mwaka 447 na 432 kabla ya Kristo, ilikuwa na paa la mihimili ya mbao na vigae vya marumaru. Iliendelea kutumika, kanisa kisha msikiti, mpaka kombora la Wavenisi lilipoangukia baruti iliyohifadhiwa ndani yake mwaka 1687. Dunia ikachukua ule mfupa uliobaki, nguzo nyeupe na mbingu katikati, ikajengea mahakama na mabenki. Machu Picchu ilikuwa na mapaa marefu ya nyasi. Vigingi vya mawe vilivyofungiwa kamba za paa vingali vimejitokeza kwenye kuta, na watalii wanavipita. Karnak, kule Misri, kuna ukumbi wa nguzo 134, zilizosongamana hadi huoni upande wa pili. Watu husema zilisimamishwa hivyo kwa ajili ya fahari. Fahari ipo, lakini jiwe lililolazwa hupasuka upesi likinyooshwa, hivyo nguzo lazima zikaribiane. Wamaya nao, kule Amerika ya Kati, walifunika vyumba vyao kwa mawe yaliyosogezwa kidogo kidogo mpaka yakutane, na hila hiyo haivuki mbali: kasri zao zina vyumba vyembamba ambavyo mtu wa Lamu angeingia akajihisi yuko nyumbani.

Wafalme wenyewe walilijua hili vizuri kuliko wanahistoria wetu. Dario wa Uajemi alipojenga kasri lake Susa, karne ya 6 kabla ya Kristo, aliandikisha kila kitu kilikotoka. Mierezi ililetwa kutoka mlima uitwao Lebanoni. Waashuri wakaifikisha Babeli, na kutoka Babeli Wakaria na Waionia wakaifikisha Susa. Soma orodha ile uone mahali fahari yake ilipo: dhahabu imetajwa, na mti uliosafiri umetajwa pamoja nayo.

Yale machache yaliyobaki na mapaa yake yanatushangaza ndiyo maana. Pantheon ya Roma, iliyokamilika mnamo mwaka 126, ina kuba la zege lisilo na chuma lenye upana wa mita 43. Limedumu kwa sababu lilijengwa jepesi zaidi kila linavyopanda, kwa mawe mepesi ya volkano huko juu, na pia kwa sababu mwaka 609 liligeuzwa kanisa, kukawa na watu wa kulitunza. Hagia Sophia ilimalizwa mwaka 537, na miaka 21 tu baadaye kuba lake likaanguka. Waliolirudisha, mwaka 562, walilifanya refu zaidi kwenda juu ili lisukume kuta kidogo. Kuba tunalolisifu leo ni la pili, na nalo limewahi kuanguka sehemu na kutengenezwa.

Paa ndilo linalobeba hatari yote ya jengo. Na ndilo linalotoweka kwanza.

Fito na udongo

Kuna jambo liliniuma zaidi nilipokuwa nikisoma haya yote, nalo ni hili: hata hii hadithi ya boriti ni hadithi ya wachache.

Watu wengi wa miji yetu ya kale hawakulala chini ya boriti. Walilala chini ya pau na makuti, nyuma ya kuta za fito na udongo. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, siku zilezile za al-Hasan na makuba yake, aliusifu mji kuwa miongoni mwa mizuri kuliko yote, na akaandika kuwa majengo yake ni ya miti. Wasomi wamehangaika na sentensi ile, wengine wakidhani ni kosa la mwandishi aliyenakili. Kwa nini liwe kosa? Labda aliangalia mji wote, siyo kasri na msikiti tu.

Kule Shanga, kisiwa cha Pate, mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake walipochimba chini ya msikiti wa mawe walikuta msikiti mwingine, na chini yake mwingine, hadi wakafika kwenye alama za miti iliyochimbiwa ardhini katika karne ya 8. Doa la udongo mweusi kidogo kuliko ule wa pembeni, hilo tu. Ndicho kilichobaki cha mojawapo ya misikiti ya kwanza ya pwani hii. Mtu asiye na subira angelichimba na kulipita.

Na ni mti uleule. Mkokoni hutoka fito ya maskini na boriti ya tajiri, kwa panga moja, kwenye ngalawa moja. Tukiweka mpaka mkali kati ya “mji wa mawe” na “vibanda”, kama vitabu vingi vinavyofanya, tunakuwa tumeuchora sisi, maana mkataji hakuujua.

Wala tusiwasahau waliokata. Katika karne ya 19, na kabla yake pia, mikono mingi iliyokuwa ikivuta miti kwenye tope, ikichoma chokaa na kupiga sakafu kwa nyimbo ilikuwa ya watumwa. Tunausifu uzuri wa msana na zidaka, nami naupenda mno. Lakini adabu ile niliyoieleza, tabaka baada ya tabaka hadi ndani, ilibebwa pia na watu ambao hawakuwa na mahali pa faragha ndani ya nyumba hiyohiyo.

Zege

Mwaka 1883 Sultani Barghash alijenga Beit al-Ajaib, Nyumba ya Maajabu, Unguja, akaweka nguzo za chuma cha kusubu na mihimili ya chuma. Upana wa mkoko ukawa umevunjwa hadharani, mbele ya bahari, kila mtu aone. Miaka michache baadaye, mwaka 1892, Mfaransa Hennebique alisajili mfumo wake wa zege lenye nondo, na mkoko ukaanza kukosa kazi dunia nzima iliyokuwa ikiuhitaji. Ghuba ilipopata mafuta iliacha kuagiza. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib iliporomoka ikiwa katika matengenezo. Watu wawili walifariki. Nilipoziona picha za vifusi nililia, na sijui wangapi wa pwani hawakulia siku ile.

Leo mtu anayerithi nyumba ya mawe yenye boriti zilizooza ana njia mbili. Akitaka kuirudisha ilivyokuwa, atafute boriti, na boriti zina vibali, zina misimu ya kukatazwa. Mwaka 2018 Kenya iliposimamisha ukataji wa miti wakataji wa Lamu walikaa bila kazi. Na misitu yenyewe inatuomba tuiache. Kule Gazi, Kwale, mikoko iliyosimama inawaingizia wanakijiji pesa kwa kuhifadhi hewa ukaa, pesa zinazonunua maji na vitabu vya shule. Siwezi kumwambia mtu kwamba dari yangu ya historia ina haki kuliko hiyo.

Njia ya pili ni slabu. Nondo, saruji, mirunda, na ndani ya wiki chache sebule ina mita tano bila nguzo. Mama mwenye nyumba anafurahi, na ana haki ya kufurahi. Kinachonitia hofu ni chumvi: mchanga wa ufuoni na kuta za matumbawe vimejaa chumvi, chumvi hula nondo, nondo ikishika kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Boriti ikioza huanzia ncha, fundi akaiona, akaibadilisha moja moja. Slabu inaficha ugonjwa wake. Na plasta ya saruji juu ya ukuta wa chokaa inazuia unyevu kutoka, ukuta unaoza huku unaonekana mpya.

Sina amri kwa yeyote anayelala chini ya dari inayodondosha vumbi kwenye sahani ya mtoto. Ninalo ombi moja, kwa wenye nyumba, kwa mafundi, kwa vijana wanaosomea usanifu Mombasa, Dar na Unguja. Kabla dari ya zamani haijashushwa, ipimwe: upana wa chumba, idadi ya boriti, nafasi kati yake, unene wa kila moja, kina cha tundu ndani ya ukuta, aina ya mti, na kama imechongwa pembe au imeachwa duara. Piga picha ncha zote mbili, ile iliyooza na ile iliyo nzima. Utepe wa fundi na simu vinatosha, na kazi yenyewe haichukui hata asubuhi nzima.